Globe Theatre London: chukua tiketi ya kusimama

Naona watu wanauliza kama Globe pale London, ule ukumbi wa maigizo ya Shakespeare, inafaa au ni utalii wa kupigwa hela tu. Inafaa, ila nunua tiketi ya kusimama. Kule galari, kwenye siti za juu, unaangalia mchezo kama mgeni rasmi, huku chini unakuwa ndani yake. Mie nililipa pauni 5 onyesho la mchana, nikasogea mpaka mbele nikaegemeza viwiko kwenye jukwaa lenyewe.

Jengo sio lile la zamani, mjue hilo. La kwanza ni la 1599, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na stori yake nimeipenda mno: waigizaji wa kundi la Shakespeare walikuwa na ukumbi Shoreditch, upande wa pili wa mto Thames, mkataba wa ardhi ukaisha, mwenye kiwanja haelewani nao, basi Desemba 1598 jamaa kaenda zake shamba kula Krismasi, huku nyuma wakaubomoa ukumbi mzima, mbao zikavushwa ng'ambo ya Thames na ndo zikajenga Globe. Likaja kuungua 1613, walipiga mzinga katikati ya mchezo paa likashika moto. Hili la sasa limefunguliwa 1997, aliyelipigania miaka na miaka ni mwigizaji Mmarekani, Sam Wanamaker, akafariki 1993 kabla halijaisha. Nguzo za mwaloni zimeshikwa na vigingi vya mti, paa la matete, na katikati ni wazi mpaka mbinguni.

Kwa hiyo mvua ikinyesha unalowa. Mwavuli haukubaliwi maana unawaziba wa nyuma, kukaa chini pia hapana, njoo na koti la mvua na viatu vya maana. Mie nililoa hadi soksi na sikuondoka.

Mchezo ulikuwa Julius Caesar wa Shakespeare, huo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili ukachapwa 1963. Kwenye kitabu ile hotuba ya Antony, rafiki yake Caesar anayewageuza raia dhidi ya waliomuua, unaisoma unapita. Pale Antony anasimama hatua mbili toka kwako, mate yanamruka, anatuambia sisi tuliosimama kwamba ndo raia wa Roma, af waigizaji wengine wamejichanganya katikati yetu wanapiga kelele, nikajikuta na mimi napiga kelele, yaani nimegeuzwa akili kama wale wa kwenye mchezo na nilikuwa najua kabisa kitakachotokea.

Kuna Mswisi anaitwa Thomas Platter alipita London Septemba 1599 akaona mchezo wa Caesar kwenye nyumba yenye paa la nyasi, akaandika na bei: kusimama peni moja, kukaa unaongeza peni, ukitaka mto wa kukalia na sehemu nzuri peni ya tatu. Fundi wa wakati ule alikuwa anapata kama peni 12 kwa siku, so hata mtu wa kawaida alimudu. Wanawake walikuwepo kwa watazamaji tu, jukwaani sehemu zao walicheza wavulana.

Enzi hizo za Elizabeth wanaziita enzi ya dhahabu, Wahispania na meli zao wameshindwa 1588, mashairi, muziki, sawa. Ila malkia huyohuyo 1564 alimpa John Hawkins meli yake Jesus of Lübeck, akaenda nayo Afrika Magharibi kukamata watu akawauze ng'ambo ya Atlantiki. Na tauni ikichachamaa kumbi zinafungwa miezi. Hiyo dhahabu mie naipokea nusu.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya magoti yangu. Mgongo ukiwa mbovu chukua siti na ukodi mto, mabenchi ni mbao tupu. Tiketi kata kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, rafiki yangu alipitia kwa mtu kati akalipa karibu mara tatu kusimama hapohapo pembeni yangu.