Nilitaka vichaka, nikauziwa ngazi ya nyoka

Nimerudi pale bustanini mtu mzima na akili zangu, mkononi nimeshika tawi refu kuliko ufagio wa kufagilia utando, nimwonyeshe yule mama kwamba alichoniuzia sicho nilichoomba. Hakuinuka kwenye kiti. Akalitazama tawi, akanitazama mimi, akasema: "Sasa mama, kama hutaki linalokua, si ungenunua la plastiki?"

Wakacheka. Vijana wa kumwagilia wakacheka, mteja aliyekuwa anagongagonga vyungu akacheka, na dereva wa bajaji, ambaye nauli yake nililipa mimi, naye akacheka.

Ndiyo maana naandika.

Bustani yenyewe siitaji. Ni hizi za kando ya barabara, viriba vimepangwa chini ya neti nyeusi, na bango limeandikwa kwa mkono. Nilikwenda mara ya kwanza kabla ya masika, au mvua zilikuwa zimeshaanza, sikumbuki vizuri. Nilichokitaka nakikumbuka sana: ua mfupi wa maua chini ya madirisha ya mbele, usizidi kiuno, wa njano kwa sababu ukuta wangu ni mweupe. Nilimwambia hivyo hivyo, na mkono nikauweka kiunoni. Akaita kijana: "Mpe mama zile njano." Miche 12 ya alamanda, shilingi 6,000 kila mmoja. Yote ilikuwa mifupi, imejaa, imechanua, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti kwa uzi wa kiroba. Hicho kijiti mkishike, nitakirudia.

Mwezi wa kwanza nilikuwa napiga picha. Wa pili nikaona tawi moja limeingia ndani kupitia kwenye grili, linachungulia sebuleni kama mgeni asiyebisha hodi. Baada ya hapo sikuwa na amani. Mengine yakapanda bomba la maji ya mvua, mengine yakalala juu ya bati, na kuna siku umeme ulikatika nikamkuta mwanangu anafunua majani kwa fimbo atafute mita ya LUKU. Mama mkwe alikuja siku mbili, akasimama nje akiwa bado na pochi mkononi, akasema, "Mwanangu, nyoka umemwekea ngazi." Nilijisikia vibaya kwa sababu alikuwa sahihi.

Nikakata kwa hasira bila glavu. Mmea huu una utomvu mweupe kama maziwa, na siku mbili nilikuwa najikuna mikono hadi viwiko. Hapo ndipo nilipobeba lile tawi na kwenda kuambiwa habari za plastiki.

Sasa, haki yake nimpe yule kijana. Wakati nashuka ngazi nimenuna, alinifuata mpaka kwenye bajaji akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hebu njoo uone." Akanipeleka nyuma kabisa, palipokuwa na miche mingine ya njano. Macho yangu yakaona maua yale yale. Akacheka kidogo, lakini yeye hakunicheka mimi.

Kumbe alamanda hizi za njano pale bustanini ziko za namna mbili, na zote mbili hapa kwetu ni wageni kutoka Amerika ya Kusini. Majani yanafanana, yanatoka matatu au manne kwenye kifundo kimoja. Lakini akachukua ncha ya tawi la ile niliyouziwa mimi, akaliinua: pingili ndefu, laini, ncha inayumba hewani inatafuta pa kuegemea. Halina vikono vya kushikia kama boga, linajiegemeza tu kwenye chochote kilicho karibu, na likipata pa kuegemea linafika mita 5 na zaidi. Kisha akashika ile nyingine. Pingili fupi, matawi mengi yanatoka chini kabisa, ngumu, imesimama yenyewe. Akachuma ua akanifunulia koo lake: ndani kuna michirizi ya rangi ya kutu, na mrija wa ua umevimba pale chini. "Na hii huzaa sana," akasema, akanionyesha tunda la mviringo lenye miiba miiba kama fenesi la mwanasesere.

Halafu akagusa kijiti. "Mama, kichaka cha kweli hakifungwi kijiti. Ukiona kimefungwa, jua kimekatwakatwa ili kikae hivyo."

Nilikaa kimya. Miche yote 12 ilikuwa na vijiti, na mimi nilidhani ni urembo.

Kosa la yule mama, nikifikiri vizuri, ni kwamba amepanga mimea yake kwa rangi, kama kanga dukani. Njano huku, zambarau kule, nyekundu mbele ili wapita njia waone. Kwenye zambarau kuna Thunbergia mbili bega kwa bega: moja inaitwa erecta kwa sababu inasimama wima, ni kichaka, ya pili ni grandiflora, ukiipa mwembe inaumeza mwembe. Bei moja, mstari mmoja, hakuna neno. Kwenye njano hizo hizo, pembeni, nilikuta kile kimti chenye majani membamba na maua ya njano kama kengele, ambacho mbegu zake ni sumu kali. Kimechanganywa na alamanda kwa kuwa rangi zimeoana. Mwenye watoto wadogo au mbuzi afanyeje?

Usiku nikasoma kwenye simu, hasira zikazidi. Mgiriki mmoja, Theophrastus, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikuwa ameshaigawa mimea kwa umbo: miti, vichaka, vichaka vidogo, na majani. Linnaeus naye, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka 1753 alipanga kwa kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume, ndani ya ua. Huyo wa kwanza angenifaa. Hata wa pili, angalau alilifungua ua akatazama ndani. (Halafu nikagundua jina la kitaalamu la mmea wangu, cathartica, linahusu dawa ya kuendesha tumbo. Nikasema haya, basi kumbe tulionywa.)

Nilikuwa nimalizie hapa kwa kusema msiende. Ila lazima niseme na hili. Kijana alinishauri nisiing'oe, niikate fupi kila baada ya wiki mbili tatu, nivae glavu, kila nikikata itatoa matawi mawili. Nimefanya hivyo tangu wakati ule. Sasa sita kati ya zile 12 zimekaa kiunoni, zimejaa, zinachanua mpaka watu wanasimama. Mbili nimeziachia makusudi ukuta wa nyuma, na kule juu ya ukuta, jua la saa kumi likizipiga, sitawadanganya, zinapendeza kuliko nilivyowahi kuwaza. Nne nilimpa jirani, nikamwambia zinatambaa.

Kwa hiyo yule mama alikuwa na haki? Hapana! Kukata kila wiki mbili ni kazi, na mimi sikununua kazi, nilinunua kichaka. Angeniuliza swali moja tu, "Unataka inayosimama au inayotambaa?", mita yangu ingeonekana, mama mkwe angekaa wiki. Hilo swali halina gharama. Na ile ya plastiki bado sijaimeza.

Nyota mbili. Moja ya kijana, moja ya maua yenyewe ambayo hayana kosa. Nilitaka kuweka moja, nikachungulia dirishani, nikaongeza.

Mkienda, nendeni asubuhi siku za kazi, mama anafika kama saa nne. Kijana ni yule mrefu mwenye kofia ya Yanga. Mwulizeni yeye, na mwambie aondoe kijiti kwanza muone kama mche utasimama.