Katana 50 MkII kwenye bendi ya dansi: sauti ya chumbani na sauti ya ukumbini

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Kazi zetu nyingi ni harusi. Kwa muda mrefu nilikuwa natoka nyumbani na gitaa tu, ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, nategemea nitakayoikuta ukumbini. Siku nyingine unakuta nzuri, siku nyingine unakuta spika imechanika na hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo nilipopata ampu ya Boss Katana 50 MkII iliyotumika, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, sikusita. Nimekaa nayo miezi minane. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa dansi, kwa sababu karibu kila anayeieleza mashine hii ni mtu wa roki, na mambo yetu ni mengine kabisa.

Kwa ambaye hajaiona: ni ampu ya wati 50, spika moja ya inchi 12, kilo 11 na ushee, kwenye bajaji inakaa vizuri pembeni yako. Ndani haina valvu, zile taa za kioo za ampu za zamani. Kuna chipu inayokokotoa namna ampu za valvu zinavyopokea mkono wa mpigaji, halafu wewe unachagua tabia: Acoustic, Clean, Crunch, Lead au Brown. Kila moja ina sura ya pili ukibonyeza Variation. Brown sijaigusa tangu wiki ya kwanza, na sidhani kama mpiga dansi ana kazi nayo.

Sasa nisikilizeni hapa. Wiki ile ya kwanza niliipanga sauti chumbani, usiku, watoto wamelala. Swichi ya nguvu nikaiweka nusu wati, ambayo kwa kweli ni zawadi kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga. Besi (sauti za chini) nikapandisha, trebo (za juu) nikapandisha, midi (za katikati) nikashusha, riva, yaani mwangwi wa kutengenezwa, nyingi. Sauti ikatoka tamu, nene, inameremeta kama ya kwenye rekodi. Nikahifadhi kwenye CH1, moja ya vitufe vya kumbukumbu vya ampu, nikalala kwa furaha.

Jumamosi tukawa Mbagala. Swichi nikaipeleka wati 50. Nyimbo za taratibu zilipita bila neno. Chemko lilipoanza, ile sehemu ya wimbo inayokwenda kasi, mpiga rithimu akakaza, tumba zikaingia, mpiga kinanda akashusha mikono yote miwili. Nikaingia na mzunguko wangu kwenye nyuzi mbili nyembamba, nikaona vidole vinakwenda lakini gitaa silisikii. Mwenzangu wa besi akanigeukia akagusa sikio lake. Nikapandisha Master, nobu ya sauti ya ampu nzima. Kilichopanda ni mvumo na ukali, meza ya mbele wakaanza kukunja uso, na gitaa bado halimo. Nilicheza chemko zima bila kusikika. Iliniuma, kwa sababu bwana harusi alikuwa ameomba wimbo ule kwa jina.

Mashine haikuwa na kosa. Sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, halisikii vizuri besi wala sauti za juu sana. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933. Ndiyo maana chumbani mkono unakwenda wenyewe kuongeza pande hizo mbili. Ukifika ukumbini, sauti ikiwa kubwa, sikio linazisikia zote, na zile ulizoongeza zinakuwa ziada. Tena huko chini tayari kuna gitaa la besi na ngoma ya mguu, huko juu kuna matoazi. Nafasi ya gitaa la solo ni katikati, na katikati ndiko nilikokuwa nimefyeka kwa mkono wangu.

Mazoezi yaliyofuata niliwaomba wenzangu warudie chemko moja mara nne, kwa sauti ile ile ya kazini, mimi nikiwa nimeinama kwenye nobu. Nikitaja saa, nazungumzia saa yetu: mshale ukitazama juu kabisa ni saa sita, ukilala kushoto ni saa tatu. Tabia ni Clean. Gein (nitaieleza hapa chini) saa nne, besi saa tatu, midi saa nane, trebo saa tano. Riva kidogo sana, maana ukumbi una mwangwi wake. Ukiipiga sauti hii peke yako chumbani ni kavu, haikupi raha hata kidogo. Ndani ya bendi inakatiza kama wembe, kila noti inasimama.

Gein ndiyo nobu niliyochelewa kuielewa. Niliidhani ni sauti kubwa tu, kumbe inasema mawimbi yaingie na nguvu kiasi gani kabla ampu ya kuigiza haijaanza kukwaruza. Ukubwa wa sauti uutafute kwenye Volume na Master. Siku hizi naiacha gein ikwaruze kidogo sana nikicharaza kwa nguvu, halafu nikitaka isafike napunguza nobu ya gitaa lenyewe hadi saba. Inaitikia mkono vizuri kuliko nilivyotarajia kwenye kitu cha kidijitali.

Halafu chorasi; sisemi kiitikio, nasema ile athari inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Boss ni watu wa kampuni ya Roland, waliotoa ampu ya Jazz Chorus JC-120 mwaka 1975, na pedali ya kwanza ya Boss, CE-1 ya mwaka 1976, ilibeba chorasi ile ile. Undugu huo unausikia. Nyimbo za taratibu naiwasha, sauti inakuwa kama maji. Kwenye chemko naizima, kwa kuwa inazilainisha noti zinazotakiwa kuuma.

Mambo mawili ujue kabla hujanunua. Programu ya Tone Studio inataka waya wa USB na kompyuta. Mimi niliazima ya shemeji kwa jioni moja, nikapanga kinga ya mngurumo, kwa kuwa gitaa langu lina pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja na zinavuma karibu na taa za ukumbi. La pili: ukichomeka jeki kwenye tundu la Rec Out, spika inanyamaza. Kwa kurekodi ni vizuri sana. Jukwaani nataka spika iendelee kusema nyuma ya miguu yangu, kwa hiyo fundi mitambo ananiwekea maikrofoni SM57 mbele ya spika, pembeni kidogo ya kitovu chake, na hajawahi kulalamika.

Swichi ya miguu haiji na ampu. Ndiyo ninayokusanyia pesa sasa, kwa sababu chemko likianza mkono wa kulia haupati nafasi ya kwenda kubonyeza CH2.