Waya meshi ya nusu inchi kwenye uzio wa kuku: mwaka mmoja wa kuitumia Gungu, Kigoma

Asubuhi moja ya Novemba nilikuta kuku saba wamelala chini kama nguo zilizoanguka kambani. Hakuna hata mmoja aliyeliwa. Wote wameng'atwa shingoni, damu kidogo tu, na upande wa mwembe waya wa kuku una tundu la kupitisha ngumi. Mzee jirani alikuja, akawageuza wawili kwa fimbo, akasema, "Kicheche huyo, mwanangu. Angekuwa mbwa ungeokota manyoya mpaka barabarani."

Huku kwetu kila kinachoua kuku usiku huitwa kicheche, hata kama ni kanu au fungo. Lakini alama alizisoma vizuri. Mwewe huchukua kifaranga mchana kweupe na haachi kitu. Kenge anafuata mayai. Nyoka humeza, na mara nyingine hushiba mpaka akashindwa kutokea pale alipoingilia. Hawa wadogo wa usiku ndio wanaoua wengi kwa mkupuo na kuwaacha.

Waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, nilikuwa nimeuamini miaka mitatu. Kosa langu. Ule umetengenezwa kwa ajili ya kuku, na kuku hana meno. Waya wenyewe ni mwembamba, umesokotwa tu, na ukishapata kutu unakatika kama uzi wa zamani. Tundu la inchi moja pia linapitisha panya, na panya akizoea njia, nyoka naye anaifuata.

Basi nikashuka Mwanga nikanunua roli ya waya meshi ya nusu inchi, ile iliyochomelewa, upana futi nne, mita 30, kwa shilingi 190,000. Duka silitaji, maana nina ugomvi nalo.

Kwanza kazi yake. Uzio wangu una mzunguko wa mita 16. Waya meshi nimeizungusha chini mpaka usawa wa kifua, juu yake nikaacha waya wa kuku wa zamani. Madirisha ya banda, ambamo ndimo kuku wanalala, nayo nimeyabadilisha yote. Lakini kipande kilichonilipa zaidi hakionekani. Nilikata mita 6 za roli, nikazipasua kwa urefu kupata vipande vitatu vya sentimita 40, nikavilaza chini nje ya uzio kama mkeka, nikavifunga na uzio kwa waya laini na kuvifukia kwa udongo kidogo. Mnyama anayechimba huanzia palepale pua inapogusa uzio. Akikuta chuma chini ya kucha, hana akili ya kurudi nyuma nusu hatua aanze upya. Mwezi Machi, mvua ikiwa imelainisha ardhi, nilikuta mikwaruzo sehemu nne, yote juu ya mkeka huo. Fundi alikuwa amenicheka siku tunauweka. Alidhani nataka kupaka zege.

Mwaka mzima sasa sijapoteza kuku kwa mnyama aliyepita kwenye waya ule. Nimepoteza wawili kwa mlango. Fundi aliacha upenyo wa vidole vitatu chini ya mlango wa banda, nami sikuinama kuangalia. Nimepigilia ubao na nikabadilisha komeo, kwa sababu lile la kusukuma tu hata paka mvumilivu hulifungua.

Sasa ugomvi. Roli ya mita 30 niliipima nyumbani: mita 27 na ushee. Nilirudi, nikaambiwa waya "umejikunja". Haya. Kubwa zaidi ni kutu. Baada ya msimu mmoja wa mvua, viungo vimeanza kugeuka rangi ya chai ilhali nyuzi zenyewe bado zinang'aa. Fundi wa kuchomelea alinieleza sababu: kuna waya uliopakwa zinki kwanza ndipo ukachomelewa, na moto ule unaunguza zinki pale pale kwenye kiungo. Mwingine huchomelewa kwanza, kisha wote unazamishwa kwenye zinki. Wa pili hudumu zaidi. Ukiutazama kwa karibu, viungo vyake vimejazwa zinki. Wa kwanza viungo vyake vina madoa ya kuungua. Muuzaji aliniapia wangu ni wa pili. Na uangalie namba ya unene pia: namba ikipanda, waya unazidi kuwa mwembamba. Wengi tunadhani ni kinyume chake.

Juu ya uzio nimetandaza nyavu chakavu za dagaa nilizopewa na shemeji yangu wa Kibirizi. Mwewe huzunguka, hutazama, huondoka. Tatizo matundu yake ni madogo mno, majani ya mwembe yanakwama, mvua ikija wavu unabonyea kama machela. Natikisa kila wiki. Jua pia linaula, mwakani utaoza. Ila ni wa bure.

Nilinunua pia taa mbili za sola za kumetameta rangi nyekundu, zinazodaiwa kumfanya mnyama adhani ametazamwa na macho. Wiki mbili za kwanza kimya. Wiki ya tatu paka shume alikuwa amelala chini ya moja. Sizipendekezi.

Kilichosaidia bila kununua chochote ni kuacha kuwapa vumbi la dagaa jioni. Harufu ile usiku ni mwaliko. Sasa nawapa asubuhi, na jioni nafagia.

Waya meshi haizuii siafu. Walikuja Januari usiku, wakapita kwenye nusu inchi kama lango la stesheni, na tuliokoa kuku kwa kuwatoa wote nje tukiwa pekupeku, mama watoto akimwaga majivu ya moto kuzunguka banda. Wala haizuii kideri, ule ugonjwa wa kuku, ambacho hapa mtaani kimemaliza mabanda mengi kuliko kicheche. Tone moja la chanjo jichoni kila miezi mitatu ni bei ndogo kuliko futi moja ya waya.

Nyota nne kwa waya, mbili kwa duka. Mwezi ujao nabadilisha sehemu ya juu, na safari hii naenda na futikamba yangu. Roli tutaifungulia palepale barazani.