Mkutano mkuu wa kijiji chetu, nyota tatu kati ya tano

Najua kuna mtu atasema we nani unafanya rivyuu ya mkutano, lakini hii nayo ni huduma, tunailipia kwa ushuru na michango, kwa hiyo acha tuisemee. Niko huku Rungwe, Mbeya.

Muda kwanza. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi, ukungu ukaisha, jua likatoka, watu ndo wanaanza kujisogeza saa tano, na akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa, ikawa ya kulazimisha mpaka mgambo akazunguke kwenye migomba kuwaita watu. Viti vya viongozi tu, wengine majani. Kipaza sauti hakuna, ukikaa nyuma imekula kwako.

Utamu uko kwenye mapato na matumizi aisee. Mtendaji wa kijiji kasoma kama anawahi daladala, saruji, bati, misumari, fundi, halafu "matumizi mengineyo" laki mbili na themanini, kafunua ukurasa. Mama mmoja muuza viazi kanyoosha mkono, "Ndugu mwenyekiti, hayo mengineyo ni yapi?" Kimya. Mtendaji akarudi kwenye daftari, mara mafuta ya pikipiki, mara steshenari, mara chai ya wageni, mama akauliza na risiti je, hapo ndo watu wakaanza makofi na mie nikasogea mbele. Ikaamuliwa mchanganuo ubandikwe ubaoni na kweli ulibandikwa, risiti sio zote ila nimeusoma kwa macho yangu.

Nyota moja nimekata kwa kuchelewa, ya pili kwa ajili yetu wenyewe. Vijana walikuwa kijiwe cha bodaboda hapo hapo jirani, wanajua kila shilingi iliyoliwa ila mkutanoni hawaji! Wakati Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeupa mkutano huu mamlaka ya juu kabisa kijijini, mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na mkiamua mnaweza hata kuiondoa halmashauri ya kijiji. Wengi wanaona kazi iliisha Novemba 2024 tulipopiga kura ya viongozi wa kijiji, kumbe mkutano unatakiwa uitwe kila miezi mitatu, usipoitwa mfuate mwenyekiti umuulize.

Ukienda vaa sweta, kaa mbele, beba kalamu maana namba hazirudiwi, na swali lako liwahi, ikifika saa nane watu wanaondoka kukata majani ya ng'ombe.