Kisanduku cha majaribio ya shaba na zinki: metali safi, kijitabu kibovu

Kisanduku hiki nilimnunulia binti yangu anayeanza kusoma kemia, nasi tumekitumia vya kutosha kujua kinapofaa na kinapochosha. Ndani mna vipande bapa vya shaba na zinki vya ukubwa mmoja, fuwele za buluu za salfeti ya shaba, salfeti ya zinki, asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, bika mbili, karatasi za chujio, nyaya zenye vibanio, taa ndogo ya LED, glavu na miwani ya kinga. Msasa hamna. Utafute wako kabla ya kuanza, kwa sababu zinki iliyokaa hufunikwa na utando unaochelewesha majaribio yote.

Metali zenyewe sina neno nazo. Shaba inakunjika vizuri, zinki ni kaidi zaidi na ukiirudiarudia inakatika. Kwenye mizani shaba inazidi, maana sentimita moja ya ujazo ina gramu 8.96 dhidi ya 7.14 za zinki.

Jaribio la kwanza halina ujanja. Zinki ikitumbukizwa kwenye mmumunyo wa salfeti ya shaba inaanza kuvaa tabaka la kahawia iliyokolea, na tabaka hilo ni shaba inayotoka kwenye mmumunyo. Ikiachwa humo, buluu inafifia. Geuza mambo, tia shaba kwenye salfeti ya zinki, na utasubiri bure.

Lililonifanya nisijute pesa yangu ni jaribio la asidi, ambalo kijitabu kinalipitia kwa sentensi mbili tu. Zinki peke yake inatoa mapovu ya haidrojeni, shaba imetulia. Sasa waya uziunganishe metali hizo mbili, zote zikiwa ndani ya asidi ileile: mapovu yanaanza kutoka kwenye shaba! Binti yangu akasema shaba imeanza kuliwa. Hapana, inayoliwa bado ni zinki. Elektroni zinazoachwa na zinki zinapita kwenye waya hadi kwenye shaba, na hapo ndipo ioni za haidrojeni (chembe zenye chaji chanya zilizomo kwenye asidi) zinapozipokea na kuwa gesi. Ukitaka kumweleza mtu kuwa kumenyuka kwa metali ni kutoa elektroni, anzia hapa.

Kwenye betri ndipo nilipokasirika. Ni ile aliyoibuni John Frederic Daniell mwaka 1836: zinki kwenye salfeti yake, shaba kwenye yake, na karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi ikiunganisha bika mbili. Hesabu yake ni volti 1.10, yaani +0.34 ya shaba (kipimo cha jinsi inavyovuta elektroni) ukitoa −0.76 ya zinki, na mita yangu ilisoma chini kidogo tu ya hapo. Kijitabu kinaahidi kwamba taa itawaka. Itawakaje, wakati LED nyekundu inataka karibu volti 1.8? Ilinibidi kutengeneza betri ya pili kwa gilasi kuukuu (zisirudi mezani tena) na kuziunganisha mfululizo, ndipo ikatoa mwanga hafifu. Bika nyingine mbili zingemaliza tatizo hili.

Kijitabu hichohicho kinaagiza zinki ishikwe juu ya moto kama shaba, bila kusema kwamba inayeyuka kwenye nyuzi 420 za selsiasi. Shaba huhimili hadi 1085, nayo inakuwa nyeusi tu kwa oksidi. Jaribio hilo liruke.

Tena kinaandika kwamba shaba "haimenyuki". Si kweli. Haiwezi kuitoa haidrojeni kwenye asidi, basi. Asidi ya nitriki inaishambulia na kutoa gesi ya kahawia yenye sumu. Na ukiitia kwenye nitreti ya fedha, ni shaba inayoifukuza fedha, kama zinki ilivyoifukuza yenyewe. Chupa ndogo ya nitreti ya fedha ingefaa kuliko hiyo LED.

Nyota tatu kati ya tano. Mwenye mwalimu au mzazi anayejua kemia anunue, vifaa ni vizuri. Mtoto atakayeachiwa na kijitabu peke yake, mtafutieni kingine.