Rejeta ya gari la kila siku: usikimbilie kubwa, tazama midomo ya oili

Mwaka jana Toyota IST yangu ilianza kuchemsha, nikashawishika kununua rejeta nene ya aluminiamu tupu. "Dada, ukifunga hii, mlima Kitonga utapanda huku unaimba," muuzaji aliniambia. Kweli, gari halikuchemsha tena. Kilichokufa ni gia boksi.

Kwenye gari la otomatiki rejeta hupoza vitu viwili. Maji ya injini kila mtu anayajua. Lakini ndani ya tanki la rejeta, mara nyingi lile la chini, kuna kibomba kinachopitisha oili ya gia boksi ili nayo ipoe. Ukiigeuza rejeta utaona midomo miwili midogo ya chuma, ndipo mipira ya oili inapochomekwa. Niliyouziwa mimi haikuwa nayo, ilikuwa ya gari la gia za mkono. Fundi akaunganisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa kipande cha mpira, oili ikawa inazunguka bila kupoa. Mimi natoka Uyole kwenda Tukuyu karibu kila siku, na kurudi ni mlima kuanzia Kiwira mpaka Isyonje. Mwezi wa pili tangu niifunge, injini inavuma, gari halivuti. Oili ilipomwagwa ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba rejeta ya kwanza ilikuwa nzima. Mfuniko wake ndio ulikuwa umechoka, haushiki presha. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima ulioandikwa 1.1 (kipimo cha presha) unayazuia yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote badilisha mfuniko, kisha kagua feni na themostati, ile vali inayoyafungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakishapata moto.

Na kama rejeta yenyewe imekufa kweli, tanki la plastiki limepasuka au mapezi yameoza, nunua ya saizi ileile. Themostati nyingi za gari hizi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na rejeta kubwa haiwezi kuishusha injini chini ya hapo. Injini haijaongezwa nguvu, huvuti tela, unaongeza ya nini?

Ya kwanza kwangu ni Denso mpya, na sitafuti maneno ya kuficha upendeleo wangu. Hawa wanaitengenezea Toyota yenyewe, midomo ya oili inakaa mahali pake, mipira inaingia bila kulazimishwa. Ya pili ni Koyo, nayo ya Kijapani.

Ya tatu ni mtumba wa Japani, kwa sharti moja: ijaribiwe mbele yako. Fundi azibe mdomo mmoja wa oili, aizamishe rejeta kwenye beseni la maji, apulize upepo kwenye mdomo wa pili. Povu likitoka, iache hapohapo. Kibomba kilichotoboka huchanganya maji na oili, na siku utakapofungua mfuniko utakuta kitu kizito kama maziwa yenye rangi ya waridi. Hapo umeshanunua rejeta na gia boksi kwa pamoja. Kwa nini wauzaji hawalisemi hili, sielewi, maana beseni wanalo.

Aluminiamu tupu iwe ya mwisho, na iwe na midomo ya oili. Zile zisizo na jina, za bei ya kutupa, sina la kuzisemea.

Bei nazo zinakera. Rejeta ileile, boksi lilelile, asubuhi niliambiwa 180,000. Mchana nikamtuma mdogo wangu wa kiume, akaambiwa 130,000. Ukiomba boksi lifunguliwe wananuna, ukirudisha wanasema "ulishafunga". Unajuaje kama haina midomo kabla hujaitoa kwenye boksi?

Sasa naenda dukani na rejeta yangu ya zamani kwenye buti. Naziweka mbili sambamba juu ya kaunta, nahesabu midomo, napima kwa vidole umbali kati yake, ndipo natoa hela.