Kipima sukari: namba nzuri, kopo la kuudhi

Nyota tatu kwa tano, na nyota mbili zilizopungua zimekwama kwenye kopo la stripu, vile vijiti bapa vya kupimia damu.

Nilikinunua kemisti moja ya barabara ya Oginga Odinga, hapa Kisumu, kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, mwenye kisukari. Ana ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa neva wa kurithi unaovuruga mwendo, mikono na usemi, ambao daktari Mjerumani Nikolaus Friedreich alianza kuueleza mwaka 1863. Sisi ni Wahindi wa hapa hapa, tangu enzi za reli, na ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati na India, kwa hiyo simlaumu kijana wa kaunta aliyemtazama kwenye kiti cha magurudumu akauliza, "Lakini dada, huyu ni mwembamba. Sukari itoke wapi?"

Inatoka kwenye jeni ileile iliyomletea ataksia. Ukirithi kasoro ya jeni ya FXN kwa baba na kwa mama, mwili unatengeneza protini ya frataksini kidogo mno, na mitokondria, zile sehemu za seli zinazozalisha nguvu, zinalemewa. Neva zinaumia, moyo unaumia, na seli za kongosho zinazotoa insulini, homoni ya kushusha sukari, nazo hazisalimiki. Si wote wanaopata kisukari, ila madaktari hushauri sukari ipimwe kila mwaka hata mgonjwa asipolalamika.

Sasa kifaa chenyewe. Ncha ya stripu inanyonya tone dogo tu la damu, na baada ya sekunde tano namba inatokea, kubwa, inasomeka hata bila miwani. Hiyo kasi ndiyo niliyoilipia. Mtu mwingine sukari ikimshuka anatetemeka, anapepesuka, ulimi unakuwa mzito, na nyumba nzima inajua. Mdogo wangu yuko hivyo kutwa, sukari ikiwa sawa kabisa! Kwa macho huwezi kujua. Juzi usiku alidunga insulini, akala chapati moja akaacha. Maneno yakaanza kuburuta. Mama akasema kachoka tu, mwache alale. Kipimo kikasema 3.1, yaani sukari imeshuka. Tukampa nusu glasi ya soda, tukapima tena baada ya dakika 15, ikawa 4.6.

Kitoboaji cha kidole nacho hakina neno, kitufe chake ni kipana.

Lakini kopo la stripu! Kifuniko kinataka gumba lenye nguvu, na kikikubali kinafyatuka, stripu zinatawanyika mezani kama njiti za kiberiti. Jamaa ana miaka 24, anataka kujipima mwenyewe, na ni haki yake. Nimeligandisha kopo kwenye kibao cha jikoni, siku hizi analifungua kwa kiganja. Kuokota stripu moja na kuilenga kwenye tundu ndiyo kazi: ikipinda, imeharibika, na kopo la 50 linauzwa shilingi 1,800. Huwezi kuzihamishia kwenye bakuli pana pia, maana unyevu unaziharibu, na maelezo yanasema zisipitishe nyuzi 30. Joto la Kisumu la saa tisa mchana mnalijua. Zetu zinakaa kabati la chini, mbali na dirisha.

Mwenye mikono imara akinunue bila wasiwasi. Na kama kuna aliyeona mjini hapa kipimo ambacho stripu zimo ndani, unabonyeza tu moja inatoka, aniambie ni kemisti gani.